Wiki Nzima Bila Kulipia Nyasi

"Wiki nzima," alisema Hamim, kidole juu kama mtu anayeapishwa, "nitazunguka magharibi yote ya nchi hii. Fort Portal, Kasese, mpaka Kabale kule kwenye baridi. Na sitalipia mahali pa kulala hata usiku mmoja. Andikeni!"

Hakuna aliyeandika. Kwenye kibanda cha Anselme pale Kamwokya, Kampala, watu huja na njaa, hawaji na kalamu. Ilikuwa Jumapili asubuhi, redio ya jirani ilikuwa inapiga kwaya, na Anselme mwenyewe alikuwa anapindua chapati kwa vidole vitupu. Vidole hivyo, tangu vitoke Bukavu, Kongo, miaka tisa iliyopita, vilikuwa vimesahau kabisa kama moto huuma.

"Weye utalala wapi?" aliuliza bila kuinua macho. "Juu ya miti?"

"Kwenye hema. Ninalo hema zima, nilipewa na mzungu niliyempeleka uwanja wa ndege."

"Na hema litasimama wapi? Hewani?"

"Hapo ndipo watu wa mjini mnapoliwa!" Hamim aligeukia benchi zima, maana maneno mazuri hayasemwi kwa mtu mmoja. "Unafika kambini, unaonyeshwa nyasi, unaambiwa lipa. Nyasi! Ng'ombe anazilalia bure, mimi nilipie nimekosa nini? Mimi Mnubi, Anselme. Babu zetu walikuwa askari, walitapakaa nchi nzima. Kila mji uliokuwa na kambi ya jeshi, Mnubi mmoja alibaki, na huyo Mnubi ni ndugu yangu. Naingia, natoa salamu, nasimamisha hema uani. Asubuhi naaga. Kwisha."

Blandine, mke wa Anselme, alikuwa ameinama kwenye beseni anaosha vikombe. "Na Safinah anasemaje?"

Hamim alikunywa chai. Alikunywa muda mrefu kuliko chai iliyokuwamo kikombeni.

Safinah, mke wake, alikuwa na maneno machache sana kuhusu jambo hili, na yote yalikuwa mazito. Alikuwa anashona sare za shule kwenye karakana moja karibu na Mulago. Ukutani, mbele ya cherehani yake, palikuwa na kalenda ya mwaka uliokufa zamani, ambayo hakuna aliyejali kuishusha. Picha yake ilikuwa ya ziwa tulivu na hema moja la rangi ya chungwa kando ya maji. Miaka minne Safinah aliitazama picha ile kila alipoinua kichwa kukata uzi. Sasa alikuwa amepewa likizo ya wiki moja, ya kwanza tangu aajiriwe, na alitaka kitu kimoja tu: kuamka mara moja maishani ndani ya hema, afungue zipu, aone maji, na asisikie mtu yeyote akimwita. Kwa ajili hiyo alikuwa amejaza kopo la majani ya chai, noti moja moja, pesa za kulipia kambi ya kweli yenye choo safi.

"Hilo kopo lisiguswe," Hamim alikuwa amemwambia. "Litarudi zima. Utanunua cherehani yako mwenyewe."

Safinah alimtazama kama anavyotazama kitambaa ambacho muuzaji ameapa kwamba hakichuji rangi.

"Sawa," Anselme alisema pale kibandani, akiweka chapati kwenye sahani. "Ukilipa kambi hata usiku mmoja, weye utasimama hapa Jumapili nzima, utachoma chapati, na utavaa aproni ya Blandine."

Aproni ya Blandine ilikuwa ya waridi, yenye marinda mabegani. Benchi zima lilipiga kelele za furaha.

"Nimekubali," Hamim alisema. "Na mimi nikishinda, nakula hapa bure mwezi mzima. Sasa niazimeni birika. Huko porini nitachemshia wapi chai?"

Blandine alilitoa birika kwa shingo upande. Lilikuwa limeandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu ya kucha: ANSELME, KAMWOKYA. Vyombo vyake vyote vilikuwa vimeandikwa hivyo, hata vijiko, maana vyombo vya kibandani vina miguu. "Likipotea," alisema, "na weye potea."

*

Jumatatu waliondoka saa tisa alasiri, kwa sababu mtu anayesafiri bila gharama hana haraka. Gari lilikuwa Ipsum ya Hamim, ileile aliyokuwa akibebea abiria wa kukodi. Alielekea Naguru kwanza.

"Fort Portal haiko upande huu," Safinah alisema.

"Najua. Nitaondokaje mjini bila kumuaga shangazi? Akisikia kwa watu, nimekwisha. Tena uani kwake tutajaribu hema. Usiku wa kwanza, bure!"

Hilo la kuaga lilikuwa kweli. Kwao safari haianzi barabarani, inaanzia kwa shangazi, na kwa shangazi hakuingiwi mikono mitupu. Hamim alikuwa na kilo mbili za sukari, akijiona mjanja kupita kiasi. Alichosahau ni kwamba katika ua ule, chini ya nyumba za polisi, waliishi wazee wanne wa kike, kila mmoja na jiko lake na heshima yake. Alimpa Shangazi Lailah sukari, akainua macho, akaona nyuso tatu zimetulia zikisubiri. Alirudi dukani mbio. Akaongeza na sabuni, kwa aibu.

Kisha akaanza kukunjua hema.

"Hiyo nini?" Shangazi Lailah aliuliza.

"Hema, Shangazi. Tutalala hapa uani, tusikusumbue."

"Uani?" Aliweka chini kawa alilokuwa akisuka. "Mtoto wa kaka yangu alale nje kama mbuzi wa sadaka, na polisi wote wa Naguru wapite wakitazama? Waseme Lailah amekosa godoro?"

"Shangazi, ni mchezo tu wa..."

"Kunja."

Alikunja. Walilala sebuleni, kati ya wajukuu watano wa shangazi, mmoja wao akiwa na kikohozi. Alfajiri Safinah alifungua macho akakuta mguu wa mtoto kifuani. Sauti tatu zilikuwa zinamwita kwa pamoja: aje aonje uji, aje aone gauni linalobana kwapani, aje.

Walipoaga, Shangazi Lailah aliwakabidhi makawa sita ya ukindu ya kufunikia chakula, ya rangi zote, makubwa kama magurudumu. "Mpelekeeni Sebit huko Kibuli. Si ni njiani?"

Kibuli iko njia ya Fort Portal kama vile kisigino kilivyo njia ya pua. Lakini nani angemwambia Shangazi Lailah hivyo?

"Ni njiani kabisa," alisema Hamim.

*

Mzee Sebit alikuwa sajini mstaafu, mjomba wa Hamim kwa hesabu ndefu ambayo wenyewe tu waliielewa. Alipokea sukari yake, akapokea makawa, akauliza kile kifurushi kirefu garini ni nini. Safari hii Hamim alifurahi. Hatimaye mtu anayejua hema!

Alilisimamisha hema kwa nusu saa, uani, jasho likimtoka. Mzee Sebit alizunguka hema mara moja, mikono nyuma, akapiga kigingi kimoja teke. Hema lote likalala chini taratibu kama mtu aliyezimia.

"Hii hema," alisema kwa Kiswahili cha kambini, "umepiga kama mtu ya kuuza nyanya. Anza mupya!"

Lilisimamishwa mara tatu. Mara ya nne mzee alilipiga mwenyewe, kamba zikakaza kama za ngoma. Aliingia ndani kukagua. Hakutoka.

"Mzee?" Hamim aliita.

"Tangu nitoke jeshi sijalala kwa hema," sauti ilisema kutoka ndani. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekwisha kujinyoosha. "Nyinyi muende ndani, kitanda yangu ni kubwa. Mimi nitalinda."

Kwa hiyo usiku wa pili Hamim na Safinah walilala kwenye kitanda cha mzee, chini ya picha yake akiwa kijana mwenye bunduki, na mzee akalala kwenye hema lao. Asubuhi viatu vyake vilikuwa vimepangwa mlangoni pa hema, vimeng'arishwa.

Na kabla chai haijapoa, mzee alitoa kichwa nje ya zipu akasema, "Hamim, wewe iko na gari. Bombo ulikwenda kwa ile msiba?"

Hamim hakuwa amekwenda. Ndugu mmoja wa mbali alikuwa amefariki wiki tatu nyuma, na Hamim alituma pole kwa simu. Sasa alikuwa na gari, mafuta na likizo, na wazee wenzake wanne wa Kibuli walikuwa wamekwisha kuvaa. Jumatano yote waliishinda Bombo. Bombo iko kaskazini. Walikwenda watu saba kwenye gari, na mfuko wa mchele kwa wafiwa, na kilo za sukari ambazo Hamim aliacha kuzihesabu alipoona muuza duka anamsalimia kwa jina.

Safinah alikaa nyuma kabisa, mtungi wa mtu mwingine mapajani.

*

Alhamisi asubuhi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya Mzee Sebit. Alikuwa ametoa kitu kwenye mkoba wake: ile picha ya kalenda. Alikuwa ameikata kwa mkasi wa karakana, pembe zake zimenyooka kama pindo la sare.

"Uliibeba?" Hamim aliuliza.

"Nilitaka kulinganisha." Aliikunja. "Leo Alhamisi. Jumatatu narudi kwenye cherehani."

Hakulia wala hakugomba. Angegomba, Hamim angepata la kujibu; mdomo wake ulikuwa na majibu ya ugomvi wa kila aina. Lakini alikuwa amesema siku mbili tu za wiki, na katikati yake hapakubaki nafasi ya kuweka mzaha.

Alikwenda garini, akawasha, akatazama mshale wa mafuta. Ulikuwa umelala. Alipekua mfuko wa shati, kisha wa suruali. Fort Portal nzima ilikuwa imeyeyuka kwenye vikombe vya wazee, kijiko baada ya kijiko. Kwa sukari, sabuni na mchele aliotoa siku tatu, wangelala kambini wiki mbili, tena na chai ya asubuhi juu.

Aliwaza benchi la Kamwokya. Aliwaza marinda ya waridi mabegani mwake, na madereva wenzake wakipanga foleni na simu za kupigia picha. Kisha akamtazama mke wake kwenye ngazi, akiwa ameketi vizuri, mkoba mapajani, kama mtu aliyefika kituoni baada ya gari kuondoka.

Alirudi akakaa karibu naye.

"Lile kopo," alisema. "Tulifungue."

"Si ulisema nyasi ni bure?"

"Nilisema."

"Na sasa?"

"Sasa nimezijua nyasi za ndugu. Hazina bei, kwa hiyo huwezi kumaliza kuzilipa." Alikuna shingo. "Magharibi hatufiki tena, Safi. Nisamehe. Lakini maji yapo hapa hapa, kupita Ggaba. Kuna kambi ya mwanamke mmoja, nimewahi kupeleka abiria. Siku mbili. Nitalipa getini mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu."

"Na aproni?"

"Nani atajua?"

Kazi ya mwisho ilikuwa kumtoa Mzee Sebit hemani. Hamim aliomba, akabembeleza, akapiga saluti. Ni Safinah aliyeinama mlangoni akasema, "Mzee, nami nataka kulinda kidogo." Mzee alitoka mara moja, akalikunja hema mwenyewe, likawa dogo kuliko lilivyotoka dukani.

*

Getini alikaa msichana mwenye daftari, jina lake limeshonwa kifuani: Acayo. Aliuliza wangapi, siku ngapi, wanatoka wapi.

"Jinja," alisema Hamim haraka. "Hebu tupunguzie, dada. Tumetoka mbali."

Acayo alitazama namba ya gari, akatazama vumbi, ambalo lilikuwa kidogo mno kwa watu waliotoka mbali, akapunguza elfu tano. Akakata risiti.

"Hiyo baki nayo," Hamim alisema, akiitazama kama nyoka.

"Bambi, tafadhali, chukua, ni yako."

"Baki nayo."

Basi. Walipewa nyasi kando ya maji, chini ya mti ambao hata Hamim hakuujua jina, na yeye hujua majina ya kila kitu, hata yale ya kubuni. Hema halikuwa la rangi ya chungwa. Lilikuwa la kijani kilichofifia. Lakini Hamim aliligonga vigingi kama alivyofundishwa Kibuli, na lilisimama mara ya kwanza.

Ijumaa, jua lilipokuwa bado halijapanda vizuri, alisikia zipu. Hakufungua macho yote, alifungua moja. Safinah alikuwa amekaa mlangoni, magoti kifuani, shuka mabegani. Mbele yake ziwa lilikuwa limenyooka, la rangi ya bati. Mtumbwi mmoja ulikuwa mbali, hausogei. Kaloli, yule ndege mkubwa mwenye kipara anayetawala majalala ya Kampala, alikuwa amesimama ufukweni, na hata yeye, huku, alionekana mtu wa heshima. Hakuna aliyeita. Safinah alitoa ile picha, akaishika mbele ya macho, akalinganisha. Kisha akaiweka chini ya birika isipeperuke, na hakuitazama tena.

Alikaa hivyo mpaka chai ilipochemka, ikapoa, ikachemshwa tena. Hamim, ambaye hajawahi kunyamaza nusu saa tangu ajue kusema, alinyamaza. Ilimuuma kidogo mwanzoni. Baadaye akazoea.

Saa nne simu ilipiga. Shangazi Lailah.

"Mmefika Fort Portal?"

Hamim alielekeza simu kwenye maji. "Unasikia, Shangazi? Ziwa hilo."

"Mashallah! Baridi?"

"Kali."

Safinah alijifunika shuka kichwani, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Jumamosi mchana wingu jeusi lilitoka ziwani bila kubisha hodi. Walikunja hema wakikimbia, wakatupa kila kitu garini, wakafunga milango matone ya kwanza yakipiga bati. Acayo aliwafungulia geti akiwa na mfuko wa plastiki kichwani, akawapungia.

*

"Kabale," Hamim alisema Jumapili, miguu mbele, chapati ya kwanza ya bure mkononi, "ukitema mate yanafika chini yameganda."

Benchi lilikuwa limejaa. Safinah alikaa pembeni, akila polepole. Walikuwa wamekubaliana: yeye hatasema uongo, ila hatasema lolote.

"Na mlilala wapi?" Anselme aliuliza.

"Kwa ndugu. Uani. Mzee mmoja sajini alinipigia hema mwenyewe, kwa mapenzi." Hilo lilikuwa kweli, na Hamim alilisema kwa sauti kubwa zaidi kuliko mengine.

"Hakuna kambi?"

"Kambi naiona kwa dirisha, napita."

"Birika yangu iko wapi?" Blandine aliuliza.

"Ndani ya gari, chini ya mizigo. Nitalileta, mama, usinikatize, nimefika kwenye tembo."

Tembo alikuwa ndiyo kwanza ameingia barabarani, masikio wazi, wakati mwanamke mmoja kijana aliposhuka kwenye boda upande wa pili. Alikuwa amevaa nguo za kanisani na ameshika mfuko. Alisoma maandishi ya kibanda, akasogea.

"Mzee Anselme ni nani hapa?"

"Ni mimi."

"Asante Mungu. Nimeuliza Kamwokya yote." Akatoa birika mfukoni, ubavu wenye rangi nyekundu mbele. "Watu ya Jinja walisahau hii kambini kwetu, huko Ggaba. Nikaona jina yako. Nikasema, leo siko kazini, bambi, mutu anateseka bila birika..."

Alikuwa amemwona Hamim, aliyekuwa akijaribu kujificha nyuma ya chapati. Chapati za Anselme ni kubwa, lakini si kubwa kiasi hicho.

"Eh!" Acayo alisema, uso ukimng'aa kwa furaha safi isiyo na hila. "Si wewe mwenyewe? Mzee wa Jinja, siku mbili! Elfu tano nilikupunguzia!" Akafungua mkoba wake. "Na risiti yako ulikataa, nimekuja nayo."

Redio ya jirani ilimaliza wimbo. Anselme alipokea risiti kwa vidole vyake visivyoogopa moto, akaisoma taratibu, tarehe, saini, muhuri, akaipitisha kwenye benchi, na benchi likaisoma lote, mmoja baada ya mwingine, kama mtihani.

Blandine alikuwa amekwisha kuifungua aproni kiunoni.

Hamim alimtazama mke wake, akitafuta walau shahidi mmoja wa upande wake. Safinah alijifuta vidole na kumsogezea Acayo nafasi kwenye benchi.

"Kaa, dada," alisema. "Huyu atakuchomea. Mimi nipe mbili, Hamim, na zisiungue."